Kura ni Siri, Sababu si Siri

Saa nne za usiku, Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, nilikuwa nimekalia kreti ya soda iliyopinduliwa nje ya kibanda cha kuchaji simu, pembeni mwa kambi ya Kakuma. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa na wino. Nilikuwa na miaka ishirini, hiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza, na tangu asubuhi nilikuwa nikiringa na hicho kidole, nikishika hata kikombe cha chai kwa namna ambayo kila mtu angekiona.

Mwenye kibanda ni rafiki yangu. Akakishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa balbu ya sola, akakiachilia.

"Sitaki kujua umempigia nani," akasema. "Hiyo ni siri yako. Niambie tu kwa nini."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikuwa na jibu.

Mimi ni mtu wa Lodwar. Kakuma nilikuja kutafuta riziki, kuuza kwenye duka la jumla, lakini jina langu kwenye daftari la wapiga kura liko nyumbani. Kwa hivyo Jumatatu nilipanda Probox, tukajibana watu wanane, kilomita kama 120 hadi Lodwar. Nikalala kwa babu na nyanya, na alfajiri nikapanga foleni kwenye shule ya msingi niliyosomea. Mashine ikasoma kidole gumba, sura yangu ikatokea kwenye kioo, karani akaita majina yangu yote, nikapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA.

Tano kati ya hizo nilikuwa nimezifikiria. MCA tunamjua hadi mlango wa kwao. Gavana tulikuwa tumesikia kila mmoja anaahidi nini kuhusu maji na ukame, maana mwaka ule mvua ilikuwa imetukosea msimu baada ya msimu na mifugo ilikuwa inaisha. Ile nyeupe, ya rais, ndiyo sikuwa nimeifikiria.

Si kwamba sikuwa na habari. Nilikuwa nazo kupita kiasi. Miezi na miezi nilisikia "hasla" huku na "Baba" kule, nikacheka video za bangi na nyoka za yule wa tatu, nikabishana kwenye WhatsApp hadi bando inaisha. Lakini kubishana si kufikiria. Nilipofika kwenye kile kisanduku cha kadibodi, nikasimama kama dakika moja, kisha nikamwekea alama yule niliyedhani atashinda. Basi. Wiki nzima vijana wa boda pale stendi walikuwa wakisema kura isiyoenda kwa mshindi imepotea bure, na mimi sikutaka kuwa mjinga wa kusimama masaa matatu kwa ajili ya mtu atakayeshindwa.

Hayo ndiyo niliyomwambia rafiki yangu usiku ule, baada ya kujizungusha sana. Akanyamaza. Kuna mtu alikuja kuchukua simu yake, akalipa, akaenda.

"Basi hukupiga kura, ndugu yangu," akasema. "Umepiga ramli."

Ilinichoma, na bado inanichoma, kwa sababu lugha yenyewe iko upande wake. Kabla kura haijawa karatasi ya kuweka kwenye sanduku, ilikuwa ile ya kubahatisha: watoto wakigombania kitu kimoja, wanapigiwa kura, atakayeangukiwa achukue. Kiswahili kinatumia neno moja kwa bahati na kwa uamuzi. Mimi nilipewa nafasi ya uamuzi nikaifanya bahati.

Lazima niseme yeye ni nani, ili ujue kwa nini aliuliza. Kwa karatasi ni raia wa Sudan Kusini. Kwa mambo mengine yote ni mtu wa Kakuma. Alizaliwa kambini, kambi ambayo ilianza 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Alisoma mtaala wa Kenya, akafanya KCPE na KCSE kama mimi, na anaweza kutaja kaunti zote 47 kwa namba zake, kitu ambacho mimi siwezi. Akitaka kwenda Lodwar lazima kwanza aombe kibali. Mimi nilikwenda na kurudi bila kumuuliza mtu.

Na alikuwa na sababu ya kufuatilia uchaguzi ule kuliko mimi. Machi 2021 serikali iliipa UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga kambi za Dadaab na Kakuma. Mwezi uliofuata wakatangaza makubaliano: zifungwe kufikia tarehe 30 Juni 2022. Tarehe hiyo ilifika ikapita, wiki sita hivi kabla ya uchaguzi, na hakuna aliyehamishwa. Lakini kimya si jibu. Kwa hivyo rais ajaye, kwake, hakuwa mada ya kubishania kwenye simu. Alikuwa mtu ambaye huenda angeamua kama kile kibanda kitakuwepo Krismasi.

Alikuwa na daftari la kurasa 96, la shule, amelipigia mistari. Vituo vilikuwa vimefungwa saa kumi na moja jioni, kura zikahesabiwa palepale, na IEBC ilikuwa inapandisha fomu 34A kwenye tovuti yake, moja kwa kila kituo, vituo 46,229. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kuzifungua. Rafiki yangu alizifungua, kwa bando langu, akaanza kujumlisha kwa mkono. Televisheni kila moja ilikuwa na hesabu yake: hapa anaongoza huyu, pale anaongoza yule. Yeye aliendelea na daftari lake. Asiye na kura alikuwa anazihesabu kura zetu kwa kalamu, na mwenye kura alikuwa anasinzia kwenye kreti.

Usiku wa uchaguzi Kenya hauishi asubuhi. Ule wetu ulichukua siku sita. Katika siku hizo nilitafuta njia za kujitetea, na nilipata tatu. Nitazieleza, kwa sababu nadhani hata wewe unazitumia.

Ya kwanza: kura moja haibadilishi kitu. Jumatatu tarehe 15 Agosti, pale Bomas, ilitangazwa kwamba William Ruto amepata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Makamishna wanne kati ya saba wakayakataa matokeo hayo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba mahakama ikayathibitisha. Chukua kalkuleta utoe. Tofauti ni 233,211. Ningelala siku ile, tofauti ingeongezeka kwa moja au ingepungua kwa moja. Kwa hiyo kuna ubaya gani kama ile moja niliitupa kwa kubahatisha?

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inakula pande zote. Kama kura yangu haina uzito wa kubadilisha matokeo, basi pia haikuwa na uzito wa kunipa ushindi. Nilimchagua nimdhaniaye mshindi ili nipate nini? Hakuna aliyejua, hakuna aliyenipigia makofi. Nilikimbilia upande wenye watu kwa sababu tu una watu. Na ukishasema kura moja si kitu, umeondoa sababu zote za kuipiga isipokuwa moja: kwamba mle ndani, kwa dakika moja, unaulizwa unaona nchi iendeshweje, na unajibu kwa uaminifu au unadanganya. Mimi nilidanganya, tena bila mtu yeyote kunilazimisha.

Ya pili: kura ni siri, haimhusu mtu. Hii ndiyo niliyoishikilia sana. Kuna mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1861 kwamba kura si mali ya mpiga kura bali ni amana. Umepewa mamlaka kidogo juu ya maisha ya wenzako, kwa hiyo huruhusiwi kuyatumia kwa raha zako. Hapo naona alisema kweli. Lakini Mill akaendelea: kwa kuwa ni amana, watu wapige kura hadharani, waonekane, waone haya. Nchi yake haikumfuata. Mwaka 1872 ilipitisha kura ya siri.

Sisi Kenya tumeonja hiyo ya hadharani. Usiku wa kuamkia uchaguzi, babu yangu, ameketi juu ya ekicholong yake uani, alinisimulia mlolongo wa 1988. Kwenye mchujo wa KANU wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake, jua kali, kila mtu anamwona mwenzake. "Nilisimama nilipokuwa naangaliwa," babu akasema, "si nilipotaka." Na nchi nzima inakumbuka jinsi foleni fupi zilivyotangazwa kuwa ndefu, mchana kweupe. Hadharani hakukuleta haya. Kulileta woga kwa wanyonge, na wenye nguvu wakaendelea kutoona haya.

Kwa hiyo sitaki karatasi yangu ionekane, na rafiki yangu hakuomba kuiona. Aliomba kitu kingine. Nimekifikiria muda mrefu na sasa naweza kukisema: kura ni siri, lakini sababu si siri. Karatasi inafichwa ili nisitishwe. Sababu haina haja ya kufichwa, isipokuwa kama naionea haya.

Na hapo ndipo nilipopata kipimo. Kabla ya kupiga kura, jaribu kuisema sababu yako mbele ya mtu atakayeishi chini ya matokeo na hana kura. "Kwa sababu ni mtu wetu." Mwambie hivyo ambaye hatawahi kuhesabiwa kuwa wetu. "Kwa sababu wakala wake alinipa mia mbili." "Kwa sababu atashinda." Hazisemeki. Zinakwama kooni kama zilivyonikwama mimi. "Kwa sababu naamini ataleta maji" inasemeka, maana yeye na mimi tunakunywa maji ya ardhi moja, chini ya mto Tarach uleule ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Sisemi sababu lazima imfurahishe. Sisi Waturkana wa hapa tuna malalamiko yetu kuhusu kambi, na mengine ni ya haki: kuni zimekwisha, maji hayatoshi, na kuna wazee wanaouliza kwa nini mgeni apewe chakula na mwenyeji aangalie. Ningeweza kumwambia rafiki yangu, "Nimempigia fulani kwa sababu nataka kambi ipunguzwe." Angekasirika. Angenijibu kwamba duka ninalofanyia kazi linaishi kwa wateja wa kambini, na ana haki. Tungegombana hadi usiku wa manane. Lakini tungekuwa watu wawili wanaozungumza juu ya mahali wanapoishi wote. "Kwa sababu atashinda" haiwezi hata kugombewa. Haina kitu ndani.

Utetezi wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na niliuona aibu hata kuufikiria: kwani yeye ni nani anidai maelezo? Si raia. Akipenda atampigia kura rais wa kwao.

Nilikuwa nauwaza huo asubuhi moja kati ya zile siku sita, nikakumbuka kwamba Lodwar kwetu kuna nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta. Aliletwa pale 1959, baada ya kumaliza kifungo cha Lokitaung, kwa sababu Waingereza waliona Turkana ni mwisho wa dunia, hapafiki mtu. Februari 1961 Kenya ikafanya uchaguzi. KANU ilifanya kampeni kwa jina lake, ikapata viti vingi, na yeye muda wote huo alikuwa bado Lodwar kizuizini. Watu wengine walipiga kura na maisha yake yalikuwa yanangoja. Aprili wakamhamishia Maralal, na miaka miwili baadaye alikuwa waziri mkuu. Leo tunaiita nyumba ile historia. Wakati ule ilikuwa tu mahali pa mtu asiye na kura.

Nikakumbuka pia kwamba huo mstari wa raia na mkimbizi ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na maelfu ya Wakenya wakavuka mpaka kuingia Uganda, wakapewa mahema Mulanda, karibu na Tororo. Wengine kati yao bila shaka walikuwa wamepanga foleni siku tatu kabla na wino ulikuwa haujafutika. Wangekuwa na la kutuambia kuhusu nani anastahili maelezo.

Na hata ukimwacha mkimbizi, ukatazama nyumbani kwako tu: nyanya yangu hana kitambulisho, hajawahi kupiga kura hata mara moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kuna mbuzi wa watu waliokufa kwa ukame na wachungaji wao walikuwa mbali na kituo chochote. Wote hao nilikuwa naingia nao pale kwenye kadibodi, nikitaka nisitake. IEBC ilisema vijana wa miaka 18 hadi 35 tulikuwa karibu asilimia 40 ya walioandikishwa, na kwamba idadi yetu imeshuka kuliko 2017. Wengi wa rika langu walisema siasa haiwahusu. Siwalaumu sana, mimi niliyekwenda nilifanya nini cha maana? Lakini ukikaa nyumbani pia, nyanya bado anangoja.

Kitu kimoja nilikuwa sijakielewa, na nilikielewa kwa mama yake. Jumapili, siku moja kabla ya kutangazwa kwa matokeo, alituletea chai pale kibandani. Yeye amewahi kupiga kura mara moja tu maishani, Januari 2011, hapahapa Kakuma, kwenye kura ya maoni ya Sudan Kusini. Karatasi ilikuwa na picha mbili: mikono miwili iliyoshikana ilikuwa ya kubaki pamoja, mkono mmoja ulio wazi ulikuwa wa kujitenga. Alichagua ule mmoja. Waliochagua kama yeye walikuwa asilimia 98.83. Julai mwaka huo nchi ikazaliwa, familia ikaanza kufikiria kurudi, na Desemba 2013 vita vikaanza upya. Hawakurudi. Nchi yao haijafanya uchaguzi mkuu hata mmoja tangu ipate uhuru.

Nikamuuliza, "Mama, unajuta?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema nduguze wawili walikufa kwenye vita vya kwanza, na alipiga kura ili watoto wake wasizikwe kwa sababu ileile. "Viongozi waliharibu," akasema. "Sababu yangu haikuharibika. Iko."

Hapo ndipo nilipoona tofauti yetu sisi wawili. Yeye matokeo yalimgeuka, na bado ana kitu cha kushika. Mimi, hata kama ramli yangu ilitoka sawa, sikuwa na chochote mkononi isipokuwa wino, na wino ulifutika baada ya wiki kadhaa. Siwezi kukuambia kama niliyemchagua alishinda. Nimegundua kwamba haijalishi, na hilo ndilo la kuhuzunisha.

Jumatatu jioni tulisikiliza matangazo kwenye redio, kelele za Bomas zikiingia na kutoka. Kambini watu wengi walikuwa wamefunga maduka mapema na kuweka akiba ya unga, kwa mazoea ya watu waliowahi kuona mambo. Tangazo lilipoisha rafiki yangu akafungua daftari. Alikuwa amefika vituo mia tisa na kitu, akachoka. "Ningehitaji wakenya hamsini wa kunisaidia," akasema, "lakini wote walikuwa wamelala." Tukacheka, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

Kambi bado ipo. Kibanda bado kipo, sasa kina friji. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na safari hii nimeanza mapema. Mwezi uliopita nilimwendea jioni, nikakaa kwenye kreti ileile, nikamwambia: sitakuambia nani, lakini sababu yangu ni hii. Nikaieleza yote. Ilikuwa inahusu maji, na kodi, na nani anasema ukweli kuhusu pesa za kaunti.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema sababu yangu ina mashimo matatu, akayataja moja moja, na la pili lilikuwa shimo kweli.

Nimerudi nyumbani kulifikiria.